Njia ya Mkato



Mwenye kuwaandikia maneno haya si mtu wa kalamu. Mimi ni mwalimu wa chuo cha Qur'ani katika kijiji kimoja cha nchi ya Geita, na umri wangu umepita miaka hamsini. Elimu yangu ni ile niliyoipata chuoni mbele ya masheikh walionilea, na ya shule ya msingi, ambayo niliikomea darasa la saba. Nimezoea kusoma katika kurasa kama hizi makala za watu wenye elimu kubwa kuliko yangu, na yaliyo mazuri huwasomea wanafunzi wangu. Leo nimeona nami nitoe changu, si kwa elimu niliyo nayo, bali kwa kosa nililolifanya. Maana kosa la mtu mmoja likielezwa kwa ukweli laweza kuwafaa wengi.

Habari yenyewe ni ya mashindano ya baiskeli. Najua wapo watakaouliza, mwalimu wa chuo na mashindano ya baiskeli, wapi na wapi? Basi nawaomba subira, nianze mwanzo.

Mimi ni mzaliwa wa Shinyanga. Nchi ile ni tambarare; mtu akipanda juu ya kichuguu huwaona ng'ombe wa jirani yake hata wakiwa mbali sana. Na katika nchi kama ile baiskeli si chombo cha kuchezea watoto. Ndiyo ichukuayo gunia la pamba kwenda ghala la ushirika, ndiyo ichukuayo maji, mkaa na kuku wa kuuza, na ndiyo imfikishayo mgonjwa hospitali. Katika barabara iendayo Mwanza, kupitia Kolandoto na Maganzo, karibu na mgodi wa almasi wa Mwadui, marehemu baba yangu alikuwa akiendesha baiskeli na magunia mawili ya karanga nyuma yake, nami nimeketi mbele juu ya chuma, nimeshika usukani kama kwamba mimi ndiye niendeshaye. Nilijifunza mwenyewe nilipokuwa na miaka minane, kwa kupenyeza mguu chini ya chuma kile, kwa sababu kiti kilikuwa juu ya kimo changu.

Ndiyo maana mbio za baiskeli hupendwa mno Usukumani. Siku ya mbio watu hujipanga kando ya njia kama siku ya kumpokea mgeni mkubwa wa Serikali, na vijana hushindana masafa marefu kwa baiskeli zile zile zilizobeba mkaa jana.

Mwaka 2003 nilihamia nchi ya Geita, kwa kuitwa na Waislamu waliokuwa wamejenga msikiti wa udongo na hawana wa kuwasomeshea watoto. Nchi hii si kama ile niliyozaliwa. Hapa pana vilima, majabali na misitu, na chini ya vilima pana dhahabu. Dhahabu ya Geita haikuanza jana: mgodi wa enzi za Waingereza ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Lakini watu wa kijiji changu hawapiti katika lango la mgodi huo. Wao ni wachimbaji wadogo. Ikisikika kwamba mahali fulani pametoka dhahabu, watu humiminika huko, nao mmiminiko huo huuita rashi. Mahema hupigwa, maduara huchimbwa, na makarasha ya kusagia mawe huanza kunguruma usiku na mchana.

Na kelele za makarasha zimewaita watoto wengi kuliko sauti yangu. Mwanafunzi aliye katika juzuu ya Amma leo, kesho hayupo. Ukimwuliza ndugu yake, atakwambia, "Maalim, yuko karashani." Mtoto hupewa kazi ya kuponda mawe, au kuchota maji mwaloni, au, lililo baya zaidi, kushika zebaki kwa mikono mitupu na kuvuta moshi wake inapochomwa. Sheria ya nchi yamkataza mtoto kazi hiyo, lakini njaa ya nyumbani humsukuma.

Kwa ajili hiyo maneno yangu chuoni kwa miaka mingi yalikuwa hayo kwa hayo. Nilikuwa nikiwaambia watoto: Malizeni mlichokianza. Msiache katikati. Njia ya mkato haina baraka. Naomba msomaji ayashike maneno hayo, kwa sababu yatanirudia.

Mwaka 2024, mfanyabiashara mmoja wa kwetu akishirikiana na wakubwa wa kijiji alitangaza mashindano ya baiskeli ya siku ya Saba Saba. Hayakuwa mashindano ya mabingwa, bali ya watu wa kawaida, kila mtu na baiskeli aliyo nayo. Njia ilikuwa kilomita 46, kutoka kiwanja cha soko, kupanda vilimani, kufika kituo cha kugeukia, kisha kurudi kwa kuzunguka kilima chenye machimbo. Zawadi ya kwanza ni dume la ng'ombe, ya pili mbuzi wawili, ya tatu tairi na mipira yake.

Jioni moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumeketi barazani, na mazungumzo yakawa ya mbio hizo. Miongoni mwetu alikuwako kijana niliyemsomesha zamani, ambaye sasa ni fundi baiskeli, naye anayo baiskeli ya milimani yenye gia nyingi na matairi mapana yenye meno. Nikauliza masafa ya njia. Yule kijana akacheka, akasema, "Maalim, wewe tuombee dua tu. Baiskeli tuachie sisi wenye miguu."

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao. Walakini usiku sikulala vizuri. Maneno yale yalikuwa mzaha wa mtoto kwa mzazi wake, hayana ubaya, lakini mimi niliyageuza kuwa mwiba. Asubuhi nikaenda kuandikisha jina langu. Nilipomweleza mke wangu kwamba nataka kuwaonyesha vijana mfano, aliacha kupepeta mchele, akanitazama, akasema, "Mfano wa nini, mume wangu?" Sikuwa na jawabu.

Kabla ya kuandikisha nilijiridhisha na jambo moja, nalo nilieleze, kwa kuwa vijana huuliza. Niliuliza zawadi yatoka wapi. Kama kila mshindani angetoa fedha na mmoja akazichukua zote, masheikh wangu walinifundisha kuwa hiyo ni kamari. Lakini zawadi ilitolewa na mtu asiyeshindana, na kuingia kulikuwa bure. Ama mashindano yenyewe, Mtume wetu Muhammad (s.a.w.) aliwashindanisha farasi: waliofunzwa mbio walianzia Hafyaa hata Thaniyyatul Wadaa, na wasiofunzwa wakaanzia hapo hata msikiti wa Bani Zuraiq, na Abdullahi bin Umar alikuwa mmoja wa wapandaji. Tena alishindana mbio kwa miguu na Bibi Aisha (r.a.), mara ya kwanza Bibi akashinda, na mara nyingine, Bibi alipokuwa ameongezeka mwili, Mtume akashinda, akamwambia kwa mzaha kuwa wamelipana. Basi dini haikuwa na neno na miguu yangu. Neno lilikuwa moyoni.

Baiskeli yangu ni Phoenix ya Kichina, nzito, haina gia. Niliivua keria na madigadi ili ipungue uzito. Kwa muda wa majuma mawili, kila baada ya sala ya alfajiri, niliendesha kwenda na kurudi kijiji cha pili, nikaona nafsi yangu kijana. Tena nikafanya jambo ambalo leo najuta: niliwaambia wanafunzi wangu darasani, "Siku hiyo mtamwona mwalimu wenu."

Siku ikafika. Siku zile zile mwaka mpya wa Hijra, 1446, ulikuwa waingia, na kiangazi kimekausha njia hata ikawa unga. Tulikuwa wapandaji 58. Kila mmoja alipewa namba ya kubandika mgongoni, na ikaelezwa kwamba kituoni kila afikaye atatiwa alama ya wino mkononi; pikapu itafuata nyuma kuwachukua walioshindwa, na atakayepanda gari amejitoa. Saa 2 asubuhi filimbi ikalia.

Kilomita kumi za mwanzo zilikuwa tambarare, nikajiona niko Shinyanga. Nilikuwa katikati ya kundi. Watu kando ya njia walipoona kofia yangu waliita, "Maalim! Maalim!" nami nikanyoosha mgongo na kukanyaga kwa nguvu kuliko ilivyonipasa.

Kisha vilima vikaanza. Baiskeli isiyo na gia ikipanda kilima, mpandaji huinuka kitini na kuzikanyaga pedali kwa uzito wa mwili wote. Na uzito ukisha, hana budi kushuka na kuisukuma. Nilishuka. Vijana wenye gia wakanipita wameketi, miguu yao yaenda mbio na baiskeli yenda polepole, mmoja baada ya mmoja. Yule fundi alinipita akasema, "Pole, Maalim," na alisema kwa adabu kamili. Nami sikupenda adabu ile.

Kilimani hapo nilikumbuka kisa cha ngamia wa Mtume aliyeitwa Adhbaa. Ngamia yule alikuwa hashindwi mbio, hata siku moja akaja Mbedui na ngamia wake mchanga akampita. Masahaba wakaona uzito, na Mtume akawafahamisha kuwa ni haki juu ya Mwenyezi Mungu kwamba hakuna kitu cha dunia kiinukacho ila hukishusha. Kisa hicho nimekisomesha mara nyingi. Lakini kukisomesha umekaa mkekani ni jambo moja, na kukikumbuka unasukuma baiskeli huku jasho likiingia machoni ni jambo jingine.

Mteremko wa pili nikachomwa na mwiba, gurudumu la nyuma likaisha upepo. Nikakaa kivulini mwa jabali ambalo juu yake mama mmoja alikuwa ameanika udaga wake. Nilikuwa na kiraka na gundi, lakini mikono ilitetemeka, na kiraka cha kwanza hakikushika. Mama yule aliniletea maji katika kibuyu, akaketi akanitazama nikitia kiraka cha pili, akaniuliza kwa Kisukuma walionipita ni wangapi. Nilipomwambia karibu wote, alicheka sana, kisha akasema, "Wabeja, mzee, lakini ng'ombe umekwisha kumkosa." Nikacheka nami, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza cha kweli siku ile.

Nilipoondoka hapo nilikuwa nyuma ya watu wote. Pikapu ikanifikia, nyuma yake mna baiskeli na wapandaji walioshika magoti yao. Dereva akapunguza mwendo akasema, "Panda, mzee wangu, hakuna aibu." Nikakataa. Akanifuata mpaka kituoni, nilikofika yapata saa 5, nikatiwa wino mkononi. Hapo palikuwa na kijana aliyeanguka na kuteguka mkono, anaumwa sana. Dereva akaniambia, "Mzee, huyu nimpeleke zahanati upesi. Wewe utarudi taratibu." Akaondoka kwa kasi. Wale wa kituo nao wakakunja meza yao. Nikabaki peke yangu njiani.

Kilomita tatu mbele ya kituo pana njia panda. Njia ya kushoto ndiyo ya mashindano. Yazunguka kilima, na kutoka hapo hata sokoni ni kama kilomita 15. Njia ya kulia ni ya wachimbaji. Yakata katikati ya machimbo na kutokea karibu na soko, kama kilomita tano tu. Njia hiyo naijua, kwa kuwa huipita nikienda kuwatazama wazazi wa wanafunzi wangu.

Nikasimama. Misuli ya paja imekaza kama kamba. Jua kali. Nikaanza kusema na nafsi yangu, na nafsi, ndugu zangu, ni wakili hodari. Ikaniambia: "Wino uko mkononi, kituoni umefika. Kilichobaki ni kurudi tu. Zawadi huitafuti, basi nani atadhulumiwa? Ng'ombe amekwisha pata mwenyewe. Tena wanafunzi wakusubiri juani, waonee huruma. Tena adhuhuri yakaribia." Tazama jinsi ilivyoileta mpaka sala kuwa shahidi wake! Nikatazama nyuma, hakuna mtu. Nikatazama tena. Kisha nikageuza usukani kulia.

Nilikwenda kama hatua mia tatu. Njia yapita baina ya maduara yaliyoezekwa kwa magogo na turubai, na kelele za makarasha zilikuwa kubwa hata sikuisikia baiskeli yangu mwenyewe. Mara mbele yangu akatokea kijana aliyejaa vumbi la mawe, mweupe tangu nywele hata nyayo, macho tu ndiyo yaliyobaki meusi. Akaweka chini ndoo yake.

"Assalaam alaykum, Maalim."

Nilimjua kwa sauti. Alikuwa mwanafunzi wangu, wakati huo ana miaka kumi na sita. Aliacha chuo mwaka uliotangulia baada ya kufiwa na baba yake, akawa tegemeo la mama na wadogo zake. Aliacha katika Suratul Mutaffifin.

"Maalim, umepotea," akasema. "Njia ya mashindano ni ile ya kuzunguka kilima. Wenzako wote wamepita kule."

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli, nikasema, "Ndiyo, mwanangu, nimepotea."

Akaitika kwa kichwa. Akaiacha ndoo yake na kazi yake, akashika usukani kwa mkono wa pili, akanisaidia kuisukuma baiskeli kupanda mpaka njia panda. Hakusema kitu njiani. Tulipofika akafuta kiti cha baiskeli kwa shati lake, akasema, "Huku, Maalim. Mwenyezi Mungu akutie nguvu." Kisha akarudi kwenye vumbi lake.

Kilomita zile kumi na tano zilikuwa ndefu kuliko njia yote niliyokwisha kuipita, na si kwa sababu ya vilima. Kila nilipokanyaga pedali nilikuwa naiona sura ile aliyoachia yule kijana. Wasomaji wajua kuwa ni sura inayowaonya wapunjao katika vipimo, ambao wakijipimia wao hutaka kitimie, na wakiwapimia watu hupunguza. Nilikuwa nimeisomesha miaka mingi, na kila mara nilipoieleza niliwataja wauza mchele wenye vibaba vyenye matako mazito, na wanunuzi wa dhahabu wenye mizani isiyo sawa. Haikunijia hata siku moja kwamba mwalimu naye aweza kuwapimia watoto kilomita 46 kwa maneno, na yeye akajipimia 36.

Nilisukuma zaidi kuliko nilivyopanda. Nilianguka mara moja katika changarawe, nikachubuka goti. Nilipoingia sokoni ilikuwa karibu saa 7, na adhana ya adhuhuri ilikuwa yasikika. Dume la ng'ombe alikuwa amekwisha ondoka na mwenyewe, wapiga muziki wafunga vyombo vyao. Lakini wanafunzi wangu, kama kumi na wawili, walikuwa wamebaki wamesimama juani. Waliponiona wakapiga takbiri, wakanikimbilia. Karani akaandika: wa 41, na ndiye wa mwisho, waliojitoa 17. Yule fundi, aliyekuwa wa nne na kukosa zawadi kwa nafasi moja, alikuja kunipokea baiskeli akasema mbele ya watu, "Maalim, nisamehe. Sisi tumeshinda kwa gia, wewe umemaliza kwa subira."

Watu wakaitikia kwa sauti kubwa. Nami nikanyamaza, nikapokea sifa ile. Tukaenda kuswali.

Kwa siku sita nikawa mfano kijijini. Jioni moja barazani yule fundi akatusomea katika simu yake habari za Adrien Niyonshuti wa Rwanda, kijana aliyepoteza ndugu zake katika mauaji ya mwaka 1994, kisha akaingia mashindano ya baiskeli za milimani katika Olimpiki ya London mwaka 2012. Baiskeli za aina hiyo zilianzia California, Marekani, katika miaka ya 1970, na mbio zake zikaingizwa katika Olimpiki mwaka 1996. Niyonshuti alikuwa wa 39, na hata hivyo Wanyarwanda walimfurahia. Na nchi hiyo ya jirani haikukomea hapo, maana Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza katika Afrika. Siku ile fundi alipomaliza kusoma akasema, "Nasi tunaye wetu, Maalim." Maneno hayo yalikuwa mazito kifuani mwangu kuliko kilima chochote, kwa sababu yule wa Rwanda hakukata kona.

Siku ya saba, baada ya magharibi, nilikwenda karashani. Nilimkuta yule kijana ameketi juu ya kiroba cha mawe, ala mihogo ya kuchemsha. Nikaketi karibu naye, nikamwambia: "Mwanangu, siku ile sikuwa nimepotea. Nilikuwa naikata njia. Nimekuja kukwambia hilo, na kukuomba radhi kwa uongo niliokuambia."

Akatafuna kimya kitambo. Kisha akasema, "Nilijua, Maalim."

Nikamwuliza alijuaje.

"Nilikuwa juu ya kifusi, nikakuona njia panda. Ulitazama nyuma mara mbili. Mtu aliyepotea hutazama mbele."

"Basi kwa nini uliniambia nimepotea?"

Akainamisha kichwa, akasema, "Ningekwambiaje, Maalim? Wewe ndiye uliyenifundisha kuwasitiri watu."

Ndugu wasomaji, nimekaa mbele ya masheikh wengi, lakini sijapata kufundishwa kama nilivyofundishwa usiku ule na mtoto aliyeacha chuo katikati. Nilikuwa nikimhesabu miongoni mwa waliopotea, nikimtaja darasani kuwa mfano wa walioacha. Kumbe alikuwa ameyabeba yale aliyoyasoma akaingia nayo katika vumbi, na siku nilipoyahitaji alinipa, tena kwa namna ambayo haikunivunjia heshima. Mimi niliyekamilisha msahafu niliacha njia. Yeye aliyekomea Mutaffifin akanirudisha.

Kesho yake niliwaambia wanafunzi habari yote, bila ya kumtaja kijana. Wazazi wawili walikuja kunilaumu, wakisema mwalimu hapaswi kujivua nguo mbele ya watoto. Nimelifikiri neno lao, na sikatai kuwa lina uzito. Aibu iliyositiriwa na Mwenyezi Mungu haifai kutangazwa ovyo. Lakini watoto wale walinipigia takbiri kwa jambo ambalo halikuwa kamili. Sifa hiyo ilikuwa amana yao mikononi mwangu, ikanipasa kuirudisha.

Ama yule kijana, sitawadanganya kwamba mambo yake yamekuwa mepesi. Nilipomweleza fundi, alimchukua kujifunza kazi ya baiskeli, na chakula cha mchana akawa anampa yeye. Malipo ya fundi ni madogo kuliko ya karasha, kwa hiyo baadhi yetu humchangia mama yake unga, na zipo wiki ambazo hatukutimiza, naye akarudi kuponda mawe. Lakini usiku wa Jumatatu, Jumatano na Alkhamisi, baada ya sala ya isha, huja kwangu na msahafu wake. Hatukuanza upya. Tulianzia pale pale alipoachia, nami nilisoma pamoja naye aya moja moja, polepole, kama mwanafunzi mwenziwe.

Basi nanyi vijana, mkiambiwa na wazee wenu mmalize mlichokianza, sikilizeni, maana ni neno la kweli hata likitoka katika kinywa cha mwenye kosa. Na sisi wazazi na walimu, tusimhesabu mtoto kuwa amepotea kwa sababu hatumwoni tena mkekani. Twende tukamtazame huko aliko, kwenye duara, kwenye mwalo, kwenye karasha, tujue ni nini kilichomwondoa, na tumpunguzie mzigo huo kwa kadiri ya uwezo wetu. Kumwita kwa maneno matupu nilikufanya miaka mingi, na mwaona wenyewe jinsi kulivyonifikisha.

Baiskeli yangu nimeirudishia keria yake. Saba Saba ya mwaka uliofuata sikuandikisha jina. Nilisimama pale njia panda tangu asubuhi na ndoo ya maji na kikombe, nikawanywesha wapandaji wapitao, na wa mwisho alipotokea, amechoka, ameshuka aisukuma, akauliza njia ni ipi, nilimwonyesha ya kushoto, nikamsindikiza kidogo.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyakosea, atutimizie vipimo vyetu, na awalinde watoto wetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.